Gari ya kazi Unguja: dizeli, haibridi au umeme?

Mwenye kutaka kuacha dizeli ahesabu mambo mawili kabla ya bei: gari inakwenda kilomita ngapi kwa siku, na usiku inalala wapi.

Chukua gari ya kusambaza bidhaa, kutoka Darajani mpaka Nungwi na kurudi, kama kilomita 120. Dizeli ikienda kilomita 10 kwa lita, ni lita 12. Ya umeme, na mzigo na kiyoyozi, hesabu yuniti (kilowati-saa) 25 kwa kilomita 100, yaani yuniti 30. Betri ya yuniti 40 inatosha. Ukimuongezea dereva Makunduchi siku hiyo hiyo, haitoshi. Kazi hiyo bado ni ya dizeli.

Kwa mizunguko ya mjini tu, dizeli mpya zenye filta ya masizi kwenye ekzosi zinateseka. Gari ikizimwa kila baada ya dakika tano, ekzosi haipati joto la kuyachoma masizi, filta inaziba, nguvu inapotea. Haibridi ya petroli, yaani yenye injini pamoja na mota ya umeme, inafaa zaidi, maana kila breki ya foleni inarudisha umeme kidogo. Ila safisha kichujio cha feni ya betri, kwenye nyingi kipo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Kikijaa vumbi, betri inapata joto na seli zinakufa mapema.

Kwa gari ya umeme, linalonitia wasiwasi ni chaji. Yuniti 30 kwenye soketi ya kawaida, kwa ampia 10, ni karibu saa 15 ukijumlisha upotevu. Gari ikirudi saa 12 jioni inajaa saa 3 asubuhi, na soko limeshaanza zamani. Soketi yenyewe inaumia: hewa ya chumvi imekula shaba ya ndani, inashika joto. Ukiona tundu la laivu, la waya unaoleta umeme, limegeuka rangi ya kahawia, acha kuitumia. Funga chaja ya ukutani ya kilowati 7, waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba, breka ya ampia 40, na kikata umeme unaovuja cha miliampia 30, kinachohisi na umeme wa DC, aina ya umeme wa betri. Saa tano zinatosha.

Halafu ethi, waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini kwa fimbo ya chuma. Fimbo mara nyingi inagonga jiwe la matumbawe kabla haijazama, na chaja inawasha taa nyekundu. Wapo mafundi wanaounga ethi na nyutro, waya unaorudisha umeme, ndani ya soketi ili chaja ikubali. Nakuomba usiruhusu kabisa. Nyutro ikikatika, bodi ya gari inapata volti 230, na wa kwanza kushika mlango, miguu ikiwa kwenye maji ya mvua, anaweza kufa. Tafuta penye udongo, piga fimbo mbili au tatu, kila moja iwe mbali na mwenzake kwa urefu wa fimbo, ziunge, kisha fundi apime kwa mita ya ethi mbele yako.

Mwenye gari tano asiuze dizeli zote. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara, na Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila ya umeme huo. Bakisha moja, iwashwe na itembezwe kila wiki, na maji yatolewe chini ya filta ya dizeli.