Msimbo wa QR haujui kemia

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mno, na leo nimeamua kuijibu kwa kirefu: "Tumeuweka muundo kwenye QR, kwa hiyo hauwezi kukosewa." Huisema watu wa maabara, wanafunzi wanaoandaa mabango ya mikutano, hata waandishi wa programu ambao kwa mambo mengine ni makini sana. Kazi yangu ni kutunza data za miundo ya kikemikali: molekuli iliyochorwa huku ifike kule ikiwa ileile. Sehemu kubwa ya uchafu ninaousafisha inatokana na imani hiyo.

QR ni bahasha. Ilibuniwa Japani mwaka 1994, kwenye kampuni za kundi la Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na inachobeba ni mfuatano wa herufi tu. Hakuna atomi ndani yake wala bondi. Simu ikishausoma msimbo, programu nyingine kabisa ndiyo inayoamua kwamba herufi zile ni molekuli. Nikisema hivi huwa najibiwa: "Lakini QR inasahihisha makosa." Ndiyo, inasahihisha. Kwa kiwango cha H, ambacho ndicho cha juu kabisa cha usahihishaji, inaweza kurejesha takribani asilimia 30 ya msimbo uliochakaa au kumwagikiwa kitu. Lakini inarejesha herufi zilezile ulizoziweka. Ukiweka molekuli isiyo yake, utarudishiwa molekuli isiyo yake, bila pengo hata moja.

Makosa yenyewe huingia kabla msimbo haujachapishwa.

Chukua SMILES, namna ya kuandika molekuli kwa mstari mmoja wa herufi. Benzini ni c1ccccc1, kwa herufi ndogo, kwa sababu herufi ndogo ndiyo inayotangaza kwamba atomi ni ya aromatiki, yaani iko kwenye pete maalumu kama ile ya benzini. Ukiandika C1CCCCC1 umeandika saikloheksani. Sasa, QR ina namna kadhaa za kupakia herufi, na mojawapo ya zile zinazobana nafasi inakubali alama 45 tu: tarakimu, herufi kubwa, nafasi tupu na alama chache kama kistari na mkwaju. Herufi ndogo hazimo. Programu za kuchapisha lebo zinapenda msimbo mdogo, na nimekutana na zaidi ya moja inayogeuza kila kitu kuwa herufi kubwa ili kuokoa nafasi. Kwa namba ya vipuri hakuna tatizo. Kwa kemia ni balaa, maana fenoli, Oc1ccccc1, inatoka upande wa pili ikiwa saikloheksanoli, na piridini inakuwa piperidini. Hakuna onyo lolote, kwa sababu kila moja ya hizo ni SMILES halali na programu itaichora vizuri kabisa. Kampaundi yenye klorini ina nafuu: Cl ikigeuka CL, programu nyingi zitagoma kusoma, na kugoma huko ndiko ninakokutaka. Kosa linalopita kimya ndilo linaloniogopesha.

La pili linanikera zaidi, kwa kuwa hata watu wa wavuti wanalisahau. Watu huichukua SMILES wakaibandika moja kwa moja kwenye kiungo, kisha wakakitia kiungo kwenye QR. Asetonitrili ni CC#N. Alama ya reli (#) pale ni bondi ya tatu, yaani atomi mbili zilizoshikana mara tatu. Ndani ya anwani ya wavuti, alama hiyohiyo huanzisha kipande ambacho kivinjari hakikipeleki kwa seva kamwe. Seva inapokea CC, na CC ni ethani. Mtu ameskani chupa ya kiyeyusho, ukurasa umemfungukia vizuri, una mchoro, una uzito wa molekuli, una kiwango cha kuchemka, na vyote ni vya gesi. Alama ya kujumlisha kwenye ioni nayo mara nyingi husomwa kama nafasi tupu. Mikwaju inayoonyesha jiometri ya bondi mbili hudhaniwa kuwa ni ngazi za anwani. Hata asilimia, ambayo SMILES huitumia kwa pete za namba 10 na kuendelea, kwenye anwani ina maana nyingine kabisa. Dawa yake inajulikana tangu zamani: kila alama ya hatari isimbwe kabla ya kuingia kwenye kiungo, # iwe %23 na kadhalika. Ni mstari mmoja wa programu. Unarukwa kwa sababu majaribio hufanywa kwa kafeini na aspirini, ambazo hazina bondi ya tatu wala chaji.

Kuna pia visomaji vya mkononi vinavyojifanya kibodi. Kisomaji kikidhani kompyuta ina kibodi ya mpangilio wa Marekani nayo imewekewa wa Uingereza, @ inageuka alama ya kunukuu. Muundo wa L-alanini, C[C@@H](C(=O)O)N, hautasomeka. Ni afadhali usisomeke. Shida ni ile programu "yenye huruma" inayofuta alama isizozitambua na kukuachia alanini isiyo na mkono, si L wala D, yale maumbo mawili yanayotofautiana kama mkono wa kushoto na wa kulia.

Faili la mol, linaloorodhesha kila atomi na kila bondi kwa mistari, nalipita haraka: kafeini kwa SMILES ni herufi 28, kwa faili la mol inazidi baiti elfu moja, wakati QR kubwa kuliko zote inabeba baiti 2,953. Inaingia, lakini msimbo unakuwa mnene kiasi kwamba kwenye chupa ndogo hausomeki.

Ndiyo maana wengi wetu tulihamia InChIKey, ufunguo mfupi unaokokotolewa kutoka InChI, ambayo ni maandishi sanifu ya kimataifa ya muundo wa molekuli. Ina herufi 27, zote kubwa, pamoja na vistari viwili, na inaingia kwenye QR ya 25 kwa 25 huku kiwango cha usahihishaji kikibaki Q, kimoja chini ya H. Ya kafeini ni RYYVLZVUVIJVGH-UHFFFAOYSA-N. Hakuna cha kuharibiwa na herufi kubwa wala kiungo, na hata ile tofauti ya kibodi ya Marekani na Uingereza haiigusi. Lakini tafadhali msiniambie kwamba "ndani yake kuna muundo". InChIKey ni hashi, na kutoka kwenye hashi huwezi kurudi kwenye atomi. Ni lazima pawepo hifadhidata, kama PubChem, ambayo tayari inaijua kampaundi hiyo. Uliyoitengeneza wiki hii na kuiandika kwako tu haitapatikana popote.

Na hapa nina mashaka ambayo vitabu vya kufundishia huyaruka. InChI sanifu tuliyoizoea hukata bondi za metali, kwa hiyo sisplatini na transplatini hupata ufunguo mmoja. Moja ni dawa ya saratani inayotumika duniani kote, nyingine haifanyi kazi hiyo, na msimbo hautofautishi. 2-hidroksipiridini na 2-piridoni nazo zina ufunguo mmoja, na hilo kwangu ni sawa, kwa sababu kwenye chupa zinageukiana zenyewe. Mwenzangu anayezichunguza kwa spektra, vipimo vinavyoweza kuzitofautisha, anapinga, na sioni kwamba amekosea. Kanuni moja haitaturidhisha sote wawili.

Kubwa kuliko yote: chupa si molekuli. Asidi hidrokloriki ya asilimia 37 na ile iliyozimuliwa mara mia zina InChIKey ileile. Anayeskani ili ajue avae nini mikononi hajasaidiwa chochote. Jina, ukolezi na alama za hatari lazima zisomeke kwa macho kwenye lebo, hata siku simu haina chaji.

Kwa hiyo kwenye QR mimi huweka namba ya chupa yenyewe, kisha InChIKey. Muundo kamili, ukolezi, tarehe na toleo la kundi vinakaa kwenye hifadhidata chini ya namba ile. Viungo vya kufupishwa sivitumii kabisa, kwa sababu huduma ikifungwa lebo zote zinakufa siku moja. Wanaosisitiza kubeba SMILES siwazuii, ila kabla ya kuchapisha nawataka waskani nne, kwa kifaa kilekile kitakachotumika: fenoli, asetonitrili, ioni ya amoniamu na L-alanini. Programu ikirudisha saikloheksanoli au ethani, printa isiwashwe.