Je, wajua? Bahari ikizidi kuwa na asidi, tumbawe changa haliyeyuki: linajengeka vibaya

Kuna jaribio la darasani linalojulikana sana. Ganda la yai linatumbukizwa ndani ya siki, mapovu yanatoka, na baada ya siku moja au mbili ganda limekwisha. Mara nyingi jaribio hilo hutumiwa kueleza yanayoyapata matumbawe bahari inaponyonya hewa ukaa, gesi inayoyafanya maji yaelekee asidi, na watu wengi huondoka wakiamini kwamba tumbawe dogo linalika ndani ya maji kidogo kidogo mpaka linaisha. Imani hiyo ina makosa kadhaa, na kinachotokea kweli kinashangaza kuliko kuyeyuka.

Kosa la kwanza ni la kipimo. Siki ina pH ya karibu 2.5; pH ni kipimo cha asidi, na namba yake ikishuka asidi huzidi. Maji ya juu ya bahari yalikuwa na pH ya takriban 8.2 kabla ya enzi ya viwanda, leo ni takriban 8.1, na iwapo uchomaji wa makaa, mafuta na gesi utaendelea bila kuzuiwa, inakadiriwa kufika karibu 7.7 mwaka 2100. Asidi huanzia chini ya 7. Bahari, basi, bado iko upande wa alkali, yaani kinyume cha asidi, na itabaki huko. Inachofanya ni kusogea kuelekea asidi. Lakini tusiidharau ile tofauti ya 0.1. Kila hatua moja ya pH ni badiliko la mara kumi, hivyo kushuka kutoka 8.2 hadi 8.1 ni sawa na kuongeza ioni za haidrojeni, zile chembe zinazoleta asidi, kwa takriban robo.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kiunzi cha tumbawe lililo hai, yaani mifupa yake ya chokaa, hakijaachwa wazi majini. Kimefunikwa na nyama ya mnyama mwenyewe, kwa maana tumbawe ni mnyama, si jiwe wala mmea. Tena maji ya juu ya bahari za tropiki bado yana kalsiamu na kabonati nyingi kuliko zinazohitajika ili aragonaiti isiyeyuke. Aragonaiti ndiyo aina ya kalsiamu kabonati, yaani chokaa, ambayo matumbawe hujengea. Kuyeyuka kupo, ila huyapata zaidi mabaki ya matumbawe yaliyokufa, mchanga wa mwambani, na sehemu zilizokwisha kutobolewa na viumbe watoboaji.

Hata pale kiunzi kinapopotea kabisa, mnyama anaweza kubaki. Mwaka 2007 watafiti Maoz Fine na Dan Tchernov walichapisha matokeo ya kuweka spishi mbili za matumbawe ya Mediterania katika maji yenye pH ya 7.3 hadi 7.6, chini kuliko inavyotarajiwa baharini karne hii. Viunzi viliyeyuka. Polipi, yaani wale wanyama wadogo wenye minyiri wanaounda koloni, walibaki uchi wakaishi hivyo kwa miezi kumi na miwili, na waliporudishwa katika maji ya kawaida wakaanza kujenga upya. Ni spishi mbili tu, na yalikuwa matumbawe makubwa tayari, ndani ya matangi yasiyo na samaki wa kuwatafuna. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba mnyama na kiunzi chake ni habari mbili.

Basi tumbawe changa linaumia wapi? Linaumia katika kujenga.

Maisha yake huanza kama lava, yaani mtoto wa tumbawe anayeelea, mdogo kuliko milimita moja kwa spishi nyingi. Baada ya siku kadhaa hutafuta mahali pa kutua, hujibandika, hugeuka polipi, na hapo hapo huanza kuweka sakafu ya chokaa na kuta nyembamba zinazosimama juu yake kwa mpangilio wa duara. Kazi hiyo hufanyika chini ya ngozi yake ya chini, katika nafasi nyembamba mno yenye umajimaji kati ya nyama na kiunzi. Humo ndimo fuwele huzaliwa, na humo ndimo lilimo tatizo: kalsiamu inapoungana na baikabonati kuwa kalsiamu kabonati, ioni ya haidrojeni huachwa nyuma. Ujenzi wenyewe huzalisha asidi, na asidi ikijaa ujenzi husimama. Kwa hiyo chembe hai za tumbawe zina pampu zinazoingiza kalsiamu na kutoa haidrojeni, na pampu hizo hutumia nishati. Ndiyo maana pH ya umajimaji huo huwa juu kuliko ya bahari inayolizunguka tumbawe.

Mfikirie fundi anayejenga msingi ndani ya shimo linalochimbukia maji. Hawezi kupanga tofali mpaka ayakumbe maji, na akitulia kidogo yanarudi. Sasa maji yaliyo ardhini nje ya shimo yapande. Shimo lake linaweza kubaki kavu vilevile, ila kwa ndoo nyingi zaidi, na kila ndoo inayokumbwa ni tofali ambalo halikupangwa. Mtu akichungulia anaweza kudhani hakuna kilichobadilika, maana msingi bado unajengwa. Kilichobadilika ni gharama. Koloni kubwa lina polipi maelfu walioungana kwa nyama moja wakigawana chakula. Wapo wa kukumba na wapo wa kupanga. Polipi aliyetua jana yuko peke yake. Ni lazima akumbe, apange, ajilinde na, kwa spishi nyingi zinazoachia mayai majini, awatafute baharini mwani wadogo watakaoishi ndani yake na kumlisha, kwa sababu hakuzaliwa nao. Hadi awapate anaishi zaidi kwa akiba ya mafuta aliyotoka nayo yaini.

Dalili za gharama hiyo zimeonekana waziwazi. Mwaka 2016 mtafiti Taryn Foster na wenzake walichapisha picha za eksirei za pande tatu za viunzi vya matumbawe machanga ya Acropora, kundi la matumbawe, kutoka Australia Magharibi, yaliyokuzwa katika maji yaliyoongezwa hewa ukaa. Viunzi vilikuwa na madini machache, vimepinda, vimejaa vitundu, na duara lao halikulingana pande zote. Kuongeza joto kwa nyuzi 3 hakukuvidhuru zaidi. Kulipunguza kidogo athari ya asidi. Hilo halimaanishi kwamba joto ni rafiki wa matumbawe, kwa kuwa joto lilelile likizidi huwafukuza mwani wao na kuyapausha. Linamaanisha kwamba haya ni mashinikizo mawili yenye njia tofauti.

Athari nyingine hutangulia ujenzi. Lava huchagua pa kutua kwa kunusa kemikali za mwani mwekundu wenye chokaa uliotanda juu ya mawe, na katika majaribio ya Acropora kwenye maji yenye hewa ukaa nyingi, lava waliacha kuupendelea mwani ambao kwa kawaida huwafaa zaidi. Kuhusu kurutubishwa kwa mayai matokeo yanapishana: baadhi ya majaribio yameona upungufu mkubwa, mengine hayakuona badiliko lolote.

Majaribio mengi ya aina hii hudumu wiki chache tu, na tangi hubadilishwa pH kwa siku kadhaa ilhali bahari huchukua miongo. Ndiyo sababu sehemu za Papua Guinea Mpya ambako hewa ukaa ya volkano hububujika kutoka sakafu ya bahari zina thamani kubwa: pale mwamba umeishi na hali hiyo kwa muda mrefu. Watafiti walikuta kwamba karibu na mapovu eneo lililofunikwa na matumbawe halikupungua, ila spishi zenye matawi zilikuwa chache, Porites, kundi jingine la matumbawe, zenye umbo la bonge ndizo zilizotawala, na matumbawe machanga yalikuwa haba. Hata ushahidi huo una mpaka wake, kwa kuwa maeneo hayo ni madogo, na lava wanaofika hapo wanaweza kuwa wametoka kwa wazazi walioishi nje yake, katika maji ya kawaida.