Mvutano wa Dunia Haukomi Angani
Wengi hapa Kisumu, wakiona Kituo cha Kimataifa cha Anga kikikatiza juu ya ziwa jioni, huamini kwamba wanaanga huelea humo kwa sababu mvutano wa dunia haufiki huko. Unafika. Kwenye kimo cha takriban kilomita 400, bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Toboa chupa ya maji ubavuni, kisha uidondoshe kutoka ghorofani: ikiwa inaanguka, maji huacha kuvuja, kwa kuwa yanaanguka pamoja nayo. Ndivyo walivyo wanaanga, ila kasi ya pembeni ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde (Nakuru ungefika kabla hujafunga mkanda) huwafanya daima waikose ardhi inayopinda chini yao. Roketi, basi, huunguza fueli yake nyingi kutafuta kasi hiyo, si kimo.