Majengo ya Kale ya Ulaya: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu majengo ya kihistoria ya Ulaya ni kwamba mgeni huyaona kama yalivyoachwa na walioyajenga. Ukweli ni kwamba karibu kila jengo mashuhuri barani humo limewahi kubomoka, kutengenezwa, kubadilishiwa matumizi au kujengwa upya kabisa, na anayelitembelea bila kulijua hilo hupitwa na nusu ya historia yake.

Mji Mkongwe wa Warsaw, nchini Poland, huwashangaza wengi. Nyumba zake za rangi mbalimbali zinaonekana kuwa za karne ya 17 na ya 18, lakini zaidi ya asilimia 85 ya eneo hilo iliteketezwa katika Vita vya Pili vya Dunia, hasa baada ya majeshi ya Ujerumani kuuzima uasi wa mwaka 1944 na kuanza kuubomoa mji kwa makusudi, mtaa kwa mtaa. Vita vilipokwisha, wenyeji waliujenga upya kwa kufuata michoro iliyosalia, pamoja na picha za mji huo zilizochorwa katika karne ya 18 na msanii Bernardo Bellotto. Mwaka 1980 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia, tena kwa sababu ya kazi hiyo hiyo ya kuujenga upya. Mgeni anayeondoka akinung'unika kwamba ameonyeshwa kitu bandia, kwa maoni yangu, hajaelewa alichokitazama.

Hali ni hiyo hiyo kwingineko, ingawa kwa kiwango kidogo. Mnara wa kengele wa uwanja wa Mtakatifu Marko mjini Venice uliporomoka mwaka 1902, na huu unaopigwa picha leo ulizinduliwa mwaka 1912. Kasri la Neuschwanstein kusini mwa Ujerumani, ambalo wengi hulidhania kuwa la enzi za mashujaa wa farasi na mikuki, lilianza kujengwa mwaka 1869 kwa amri ya Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, wakati treni zilikuwa tayari zikienda na kurudi nchini humo. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, inalizidi kasri hilo kwa zaidi ya miaka 270.

Moto ulipoliunguza kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris tarehe 15 Aprili 2019, mnara mwembamba ulioanguka mbele ya kamera uliombolezwa duniani kote kana kwamba ulikuwa wa Zama za Kati. Mnara huo ulikuwa kazi ya msanifu Viollet-le-Duc wa karne ya 19, na sanamu za mazimwi yanayouinamia mji kutoka juu ni za ukarabati wake huo huo. Kilichokuwa cha kale kweli ni mbao za paa, ambazo nyingi zilikatwa karne ya 12 na ya 13, lakini hizo hazikuwa zikionekana kutoka chini na kwa hiyo hazikupata waombolezaji wengi. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Dhana nyingine ni kwamba magofu ni kazi ya umri na mvua. Parthenon, hekalu la Athena lililo juu ya kilima cha Akropoli mjini Athens, lilianza kujengwa mwaka 447 KK, likaja kuwa kanisa, kisha msikiti, na baada ya zaidi ya miaka 2,000 kuta na nguzo zake nyingi zilikuwa bado zimesimama. Kilichoivunja ni vita. Mwaka 1687 majeshi ya Venice yaliizingira Akropoli, na kombora lao likaangukia ndani ya hekalu hilo, ambamo Waosmani, yaani Waturuki walioutawala mji wakati huo, walikuwa wamehifadhi baruti. Mwanzoni mwa karne ya 19 watumishi wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza katika dola ya Waosmani, waliondoa sehemu kubwa ya michongo iliyobaki, na mwaka 1816 serikali ya Uingereza iliinunua na kuiweka katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Makumbusho ya Akropoli yaliyofunguliwa Athens mwaka 2009 yamezijaza nafasi za vipande hivyo kwa nakala za plasta, nyeupe kuliko marumaru yenyewe, ili mtazamaji aone wazi ni kipi hakipo.

Tena hapo kale marumaru hayo hayakuwa meupe. Uchunguzi wa maabara umekuta juu ya michongo ya Parthenon mabaki ya rangi, hasa ile iitwayo buluu ya Misri, na sanamu nyingi za Wagiriki na Warumi zilipakwa rangi kali. Weupe tunaouhusisha na ustaarabu huo umetokana na rangi kufifia na kuoshwa, na baadaye wasanii wa Ulaya wakauchukua kuwa ndio kipimo cha uzuri.

Katika Kolosai la Roma, uwanja wa kale wa mapambano, hadithi ndizo zenye kasoro kuliko mawe. Husemwa kwamba kila pambano la magladieta liliisha kwa kifo, ilhali wapiganaji hao walikuwa mali ya gharama kubwa, waliofunzwa na kulishwa kwa fedha nyingi, na mara nyingi aliyeshindwa na kusalimu amri aliachwa hai ili apigane siku nyingine. Husemwa pia kwamba hapo ndipo Kaizari Nero alipowatupia simba Wakristo. Nero aliwatesa Wakristo wa Roma baada ya moto mkubwa wa mwaka 64 na akafa mwaka 68, wakati Kolosai lilizinduliwa mwaka 80 chini ya Kaizari Tito. Kwamba Wakristo waliuawa Roma ni jambo lisilo na shaka. Kwamba waliuawa katika jengo hilo hasa, hakuna ushahidi wa wakati ule unaolithibitisha. Upande wake uliokatika nao ulianguka kwa tetemeko la ardhi, linalokumbukwa zaidi likiwa la mwaka 1349, na mawe yake yakabebwa kujengea makasri na makanisa ya mji.

Wapo wanaoamini kwamba urithi wa Ulaya ni wa Kikristo na wa Kizungu peke yake. Msikiti Mkuu wa Cordoba, nchini Hispania, ulianza kujengwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780 na ulifanywa kanisa mwaka 1236. Misitu ya nguzo zake ingali imesimama, na katikati yake pamepandikizwa kanisa kuu zima. Huko Granada, kuta za kasri la Alhambra zimejaa maandishi ya Kiarabu, na msomaji aliyepitia madrasa ya Lamu au Unguja anaweza kuisoma mwenyewe kaulimbiu ya watawala wake wa Kiislamu, ukoo wa Banu Nasr, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, pale ambapo watalii wengi huona nakshi tu.

Makumbusho nayo hayaonyeshi Ulaya peke yake. Kiunzi kikubwa kuliko vyote katika Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe vya asili jijini Berlin, dinosaria mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kilitoka Tendaguru, mkoani Lindi. Mifupa hiyo ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, na mamia ya wafanyakazi Waafrika ambao pia waliibeba kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi aliyeijua kazi hiyo kwa undani, na mwaka 2007 aina moja ya dinosaria ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Kuhusu gharama na taratibu, dhana ni nyingi lakini majibu ni mafupi. Si kweli kwamba kila mlango unalipiwa: Makumbusho ya Uingereza na Notre-Dame huingiwa bure, na Kolosai halitozi kiingilio Jumapili ya kwanza ya mwezi. Si kweli pia kwamba tiketi hupatikana mlangoni siku zote. Tiketi za Alhambra na za Kolosai huandikwa jina la mgeni na huambatana na kitambulisho, na zile za Nyumba ya Anne Frank jijini Amsterdam, alimojificha msichana huyo Myahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huuzwa mtandaoni tu, hutolewa kila Jumanne na huisha upesi. Makumbusho ya Louvre jijini Paris hufungwa Jumanne. Mkazi wa nchi za Umoja wa Ulaya mwenye umri chini ya miaka 26 huingia humo bila malipo hata kama pasipoti yake ni ya Kenya au Tanzania, kwa kuwa kinachoangaliwa ni ukazi, jambo ambalo wanafunzi wetu walio huko wasilipuuze. Katika Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, mabega na magoti hufunikwa, wanaume kwa wanawake. Kanga moja mkobani hutosha kumwokoa mtu na aibu ya kurudishwa.

Mnara wa Eiffel hupigwa picha usiku bila kosa lolote, mradi picha ni ya matumizi binafsi. Ruhusa huhitajika kwa picha za biashara, kwa sababu mpangilio wa taa zake unalindwa na hakimiliki.

Mwisho ni viza. Viza ya Schengen hufungua milango ya nchi 29, lakini Uingereza na Ireland hazimo, kwa hiyo anayetaka kuona London na Paris katika safari moja huomba viza mbili. Maombi ya Schengen hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ndipo huangaliwa nchi atakayoingilia kwanza.