Kufunga Mwamba wa Pweza: Mpango wa Bahari Unaopangwa na Wenyeji

Katika vijiji vingi vya pwani yetu, kuanzia Pate hadi Mtwara, pweza ni kitoweo na pia ni fedha ya haraka kwa mtu asiye na chombo. Maji yanapoanza kupwa, wanawake huteremka pwani na michokoo yao, yaani vijiti vyenye ncha vya kumtolea pweza shimoni, hutembea juu ya miamba iliyoachwa wazi wakichungulia shimo moja baada ya jingine, kisha hurudi maji yanapogeuka. Kwa kuwa kazi hiyo haihitaji ngalawa, mashine wala nyavu, ndiyo husahauliwa kwanza wataalamu wanapochora ramani ya matumizi ya bahari. Ramani hizo huanza kwa kuhesabu vyombo na madiko, na mvuvi anayekwenda kwa miguu hana chombo cha kuhesabiwa.

Makala haya yanahusu njia moja ya uhifadhi inayoanza na watu hao, yaani kufunga mwamba wa pweza kwa muda maalumu na kuufungua tena kwa siku iliyokubaliwa. Njia yenyewe ni rahisi kueleza, lakini mafanikio yake hutegemea mambo ambayo ofisi haiyajui na kijiji kinayajua.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Pweza anayevuliwa zaidi katika miamba yetu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Octopus cyanea, huishi takribani mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu. Hukua kwa kasi kubwa, na jike hutaga mara moja maishani: akishataga hujifungia shimoni, huyalinda mayai bila kula, na hufa baada ya mayai hayo kuanguliwa. Kwa sababu hiyo, mwamba ukipumzishwa kwa miezi michache, pweza aliyeachwa akiwa mdogo hukutwa ameongezeka uzito mara kadhaa, na baadhi ya majike hupata nafasi ya kutaga kabla hayajafikiwa na mchokoo. Changu au chewa wanahitaji miaka kabla ya kijiji kuona tofauti, ilhali pweza hujibu ndani ya msimu mmoja, jambo linaloyapa majadiliano ya uhifadhi ushahidi ambao watu wanaweza kuupima kwa mizani yao wenyewe.

Ni kweli kwamba sheria ipo. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua pweza mwenye uzito wa chini ya gramu 500. Hata hivyo, mtu aliyeinama mwambani hawezi kumpima pweza ambaye bado yumo shimoni, na akishamchokoa mara nyingi huwa amekwisha kumjeruhi. Katazo la kufunga eneo ni jepesi zaidi kulitii na kulisimamia, kwa sababu kila mtu anajua kama mwamba uko wazi au umefungwa.

Mfano unaotajwa zaidi katika Bahari ya Hindi magharibi ni wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, ambako mwaka 2004 Wavezo, watu wa pwani wanaoishi kwa bahari, walikubali kuufunga mwamba mmoja kwa miezi saba. Mavuno ya siku ya kuufungua yalivifanya vijiji jirani kutaka kufunga miamba yao, na mwaka 2006 vijiji hivyo viliungana katika eneo moja linalosimamiwa na wenyeji, linaloitwa Velondriake. Kilichowawezesha ni dina, yaani kanuni za kimila zinazotungwa na jamii na kutambuliwa na dola, zenye faini ambazo watu wamekubaliana wenyewe. Tangu hapo njia hiyo imefika Rodrigues, kisiwa cha Morisi, Kisiwa Panza huko Pemba, na Pate nchini Kenya, na kila mahali imebadilika kidogo ili ifuate desturi ya pale.

Kinyume chake pia tunakijua. Mwaka 1995 eneo la Diani na Chale, kusini mwa Mombasa, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya bahari. Wavuvi walilipinga, na tangazo hilo likabaki zaidi kwenye karatasi kuliko baharini. Jambo la kusikitisha ni kwamba pwani hiyohiyo ilikuwa na wazee waliozijua sehemu za mizimu na kusimamia sadaka za bahari, desturi zilizowapa sauti juu ya nani avue wapi na kwa namna gani. Baadaye, huko Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga takribani hekta 30 za bahari yao, na leo maeneo ya namna hiyo huitwa tengefu katika pwani ya Kenya. Sioni kwamba watu wa Kuruwitu waliipenda bahari kuliko wa Diani. Tofauti ninayoiona ni nani aliyeuchora mstari.

Suala la muda ndilo linalotukosesha sana sisi wataalamu. Ofisi hupanga kwa tarehe za kalenda, na pwani hupanga kwa mwezi wa angani. Mara mbili katika kila mwandamo, karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu, huja bamvua, wakati ambapo bahari hupwa na kujaa kwa tofauti inayoweza kukaribia mita 4, na miamba ya nje huwa wazi kwa saa chache. Katikati yake ni siku za maji mafu, ambapo maji hayaondoki vya kutosha na anayekwenda kwa miguu hapati kitu. Mwamba ukifunguliwa siku ya maji mafu kwa sababu mgeni rasmi alipata nafasi siku hiyo, wanaovuna ni wanaume wazamiaji wenye miwani na chombo, na wanawake waliovumilia miezi mitatu hubaki ufukweni wakitazama. Kosa hilo hilo hufanyika kwa mikutano. Kikao kinachoitishwa asubuhi ya bamvua hupata wazee na viongozi wa kamati, huku nusu ya wavuvi wa pweza wakiwa mwambani, kisha taarifa huandikwa kwamba wanawake walialikwa wakakosa kuja.

Mahali pa kufunga nako kuna hesabu yake. Mwamba ulio karibu na kijiji ni rahisi kuulinda, lakini ndio mwamba wa wanawake na wazee. Mzamiaji atakwenda wa mbali. Kamati ikichagua kwa kuangalia urahisi wa doria pekee, gharama yote ya kufunga hubebwa na wasio na chombo. Baadhi ya vijiji huacha wazi upande wa ndani unaofikika kwa miguu na kufunga upande wa nje, na mpaka hutajwa kwa alama zinazoonekana, kama fungu la mchanga au mlango wa mwamba. Alama hizo kila mtoto wa pale anazijua, tofauti na nukta za setilaiti zinazobaki kwenye kompyuta.

Kisha kuna dago, yaani kambi ya wavuvi wageni. Wavuvi wa kusafiri wamekuwa wakihama na pepo za kaskazi na kusi kwa vizazi vingi, wakipiga kambi kwenye visiwa na fukwe za wenzao, na baadhi yao wameoa huko. Mpango unaowataja kama wavamizi hupata taabu, kwa kuwa mwenyeji wao ni mjumbe wa kamati hiyohiyo. Ni afadhali nahodha wa dago aitwe kwenye kikao kabla mwamba haujafungwa, aambiwe masharti, na akubaliane nayo mbele ya watu, iwe ni kwa BMU, yaani kikundi cha wenyeji cha kusimamia uvuvi wa ufukwe wao, ya Bara au ya Kenya, au kwa kamati ya uvuvi ya shehia huko Zanzibar.

Siku ya kufungua ina hatari ya mwisho, nayo ni bei. Pweza wengi wakifika ufukweni kwa saa mbili, mchuuzi hushusha bei kwa kujua kwamba wauzaji hawana barafu. Kwa hiyo kamati iliyojipanga huzungumza na wanunuzi zaidi ya mmoja wiki kadhaa kabla, huafikiana bei ya kilo, na huweka mizani hadharani chini ya mti, pamoja na mtu anayeandika daftarini jina la mvuvi, uzito wa kila pweza, na kama alivuliwa kwa miguu au kwa kuzamia. Daftari hilo husomwa kwa sauti katika mkutano wa kijiji unaofuata, siku ya maji mafu, kabla ya watu kuulizwa kama wataufunga tena na kwa muda gani.