Sharpeville 1960: risasi zilivyoibadilisha ANC

Watu wanatuuliza sana hapa kitengo cha historia, ANC, chama cha waafrika kilichopinga ubaguzi kule Afrika Kusini, walifikaje kwenye bunduki wakati kiongozi wao Albert Luthuli alikuwa mtu wa amani kabisa? Mi huwa naanza na pasi. Kale kakitabu walikaita dompas, mwafrika akikutwa hana anaswekwa ndani, yani karatasi tu ndo inaamua leo unalala kwako au la.

Sasa tarehe 21 Machi 1960 chama kingine, PAC ya Robert Sobukwe, kikawaambia watu acheni pasi nyumbani, nendeni polisi mkaseme haya tukamateni. Mpango ndo huo tu. Sobukwe mwenyewe alienda kituo cha Orlando akakamatwa. Kule Sharpeville, mtaa wa waafrika kusini mwa Johannesburg, polisi wakamimina risasi, wakafa watu 69, na wengi walipigwa mgongoni, sasa jiulize mtu anayekimbia anamshambulia nani.

Luthuli akachoma pasi yake, serikali ikatangaza hali ya hatari, na Aprili 8 vyama vyote viwili vikapigwa marufuku. Hapa wengi wanaruka, ila kwangu ndo penyewe: risasi peke yake isingetosha, ni risasi alafu na mlango unafungwa. Kuwa mwanachama tu ni kosa, kwahiyo yule mzee aliyekuwa anawatuliza vijana, jamani tuandamane kwa amani, akakosa cha kuwajibu. Mei 1961 wakajaribu mgomo wa kukaa nyumbani, serikali ikatoa jeshi. Desemba hiyohiyo Luthuli anapokea Nobel ya amani kule Oslo, na tarehe 16, hata wiki haijaisha, Umkhonto we Sizwe, jeshi la siri la ANC, wanalipua mabomu ya kwanza (walilenga majengo na umeme, sio watu).

Alafu chama kikahamia nje. Oliver Tambo alishavuka mpaka mapema, na 1964 vijana wao wakapiga kambi kwetu Kongwa, Dodoma, kulekule kwenye mradi wa karanga wa mkoloni. Na hili huwa halisemwi sana, mambo yaliyokuwa yanajadiliwa mkutanoni mbele ya watu sasa yanaamuliwa na wachache, kwa siri, kwa amri, mgeni yeyote anahisiwa kachero. Nidhamu ilikuwepo ndio, ila na manung'uniko yakajaa, mpaka Chris Hani, mmoja wa wapiganaji hao, na wenzake wakaandika waraka kuwalalamikia viongozi wao wenyewe, na 1969 ikabidi mkutano uitishwe Morogoro.