Mchele Uliokwisha Kupepetwa: Drafti ya Besiboli na Kauli ya "Chuo ni Salama"

Kila inapokaribia drafti ya besiboli ya Marekani, ambapo klabu huchagua kwa zamu vijana wa kuwasajili, hurudi kauli ileile, na mwaka huu nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona ni lazima niijibu kwa maandishi. Kauli yenyewe ni kwamba klabu yenye akili huchagua wachezaji wa vyuo vikuu, kwa kuwa hao ni salama, na kwamba kumchagua mvulana wa sekondari ni kucheza bahati nasibu kwa fedha za mwenye klabu. Wanaoisema huwa na takwimu mkononi, na takwimu zao si za uongo: wanaochaguliwa kutoka vyuoni hufika Ligi Kuu ya besiboli (MLB) kwa wingi zaidi, tena mapema zaidi. Kinachonikera, baada ya miaka yote niliyokaa nyuma ya wavu na saa mkononi nikiwa skauti, yaani mtafuta vipaji, ni maana wanayoitoa katika takwimu hizo.

Mchezaji wa chuo mwenye umri wa miaka 21 ni yuleyule mvulana wa sekondari wa miaka mitatu iliyopita. Alipomaliza shule angeweza kuchaguliwa na kusaini. Akishajiunga na chuo cha miaka minne, hachaguliwi tena mpaka amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. (Vyuo vya miaka miwili vina utaratibu wao, na vijana wa nje ya Marekani, Kanada na Puerto Rico hawapiti katika drafti kabisa, ndiyo maana Waganda Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na klabu ya Dodgers mwaka 2022 kwa mlango mwingine.) Sasa jiulize ni nini hutokea katika miaka hiyo mitatu. Wapo wanaoumia bega, wapo wanaopoteza kasi ya mkono, na wapo wengi wanaogundua kwamba slaida ya mrushaji wa chuo, yaani mpira wa kasi unaokata kando ghafla, haipigiki kwa mkono uliozoea mipira ya maili 80 kwa saa. Hao wote hutoweka kimya kimya. Hawachaguliwi, na kwa hiyo hawaandikwi popote kuwa ni hasara ya klabu fulani. Mvulana aliyesaini akiwa na miaka 18 akaumia bega lilelile, katika umri uleule, huhesabiwa kuwa chaguo lililoharibika. Ni kama mtu anayenunua mchele uliokwisha kupepetwa, kisha akamlaumu mkulima kwamba shamba lake huzaa chuya nyingi kuliko duka.

Mrushaji Gerrit Cole alichaguliwa na klabu ya Yankees katika raundi ya kwanza mwaka 2008 akitoka sekondari, akakataa kusaini, akaenda chuo kikuu cha UCLA, na mwaka 2011 Pirates wakamchagua kuwa wa kwanza kuliko wote. Buster Posey alichaguliwa na Angels katika raundi ya 50 mwaka 2005. Akaenda chuo kikuu cha Florida State, huko akafanywa mdakaji, na mwaka 2008 Giants wakamchukua akiwa wa tano. Leo wote wawili huhesabiwa upande wa vyuo. Sikatai kwamba chuo kiliwajenga. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kutumia majina yao kuthibitisha kuwa vijana wa sekondari hawatabiriki, kwa sababu mmoja wao, Cole, skauti walimwona vizuri kabisa akiwa na miaka 17.

Wapenzi wa kauli hii hupenda kuutaja mwaka 2002, ambapo klabu ya Oakland walikuwa na machaguo saba kabla ya raundi ya pili na wote saba wakatoka vyuoni. Nick Swisher na Joe Blanton walifanikiwa kweli, na Mark Teahen alifika Ligi Kuu akiwa na klabu nyingine. Jeremy Brown alicheza michezo mitano tu, na watatu waliobaki hawakufika. Tazama nafasi zenyewe: Blanton alikuwa wa 24 na John McCurdy, mmoja wa wale watatu, alikuwa wa 26. Kati yao, katika nafasi ya 25, Giants walimchukua mvulana wa sekondari kutoka Tennessee aitwaye Matt Cain. Raundi hiyohiyo ya kwanza ilitoa Zack Greinke, Prince Fielder na Cole Hamels, wote wa sekondari, na wote, pamoja na Cain, wakawa nyota. Mwaka mmoja hauthibitishi kitu, ila wanaoutaja wautaje wote.

Kuhusu vipimo vyetu sitasema mengi. Tunatoa alama kutoka 20 hadi 80, na 50 ni mchezaji wa wastani wa Ligi Kuu. Tunapima upigaji, nguvu, mbio, mkono na ulinzi, alama ya sasa na ya baadaye. Mbio ni saa tu. Mkono unaonekana. Nguvu siku hizi zinapimwa kwa kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, na ubishi umepungua.

Ugumu uko kwenye upigaji, na hapa ndipo wengi hudhani chuo kimetutatulia tatizo. Mtu huniletea wastani wa .390 wa mchezaji wa chuo, yaani mapigo halali 39 katika kila mara 100 za kupiga, kana kwamba ameniletea hati ya kiwanja. Mimi huuliza kwanza: dhidi ya nani? Mechi za Ijumaa usiku, anaporusha mrushaji bora wa chuo cha upande wa pili, si sawa na mechi za Jumanne, anaposimama kijana wa mwaka wa kwanza ambaye kocha wake anamjaribu. Kisha lipo gongo. Vyuoni wanatumia gongo la chuma, na ingawa tangu 2011 kanuni zimepunguza mruko wake, mpira unaopigwa karibu na vidole bado unaweza kupita juu ya kichwa cha shotistopu, mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, ukawa pigo halali, ilhali gongo la mti lingevunjika na mpigaji angetoka. Ndiyo maana tunaithamini ligi ya kiangazi ya Cape Cod, ambako vijana hao hao hushika gongo la mti mbele ya warushaji wazuri. Mchezaji aliyepiga vizuri huko namwamini zaidi kuliko aliyepiga .390 popote kwa chuma. Mvulana wa sekondari hana ushahidi wa aina hiyo ila katika maonyesho machache ya kiangazi, na hilo nalikubali bila shida: tunamjua kidogo. Kumjua mtu kidogo na mtu kuwa dhaifu ni mambo mawili tofauti.

Upande wa warushaji wa sekondari, hasa wa mkono wa kulia, naungana na wanaoogopa. Mkono unaorusha maili 97 kwa saa ukiwa na miaka 18 unaniogopesha, na hata madaktari hawatuondolei hofu: mwaka 2014 Houston walimchagua Brady Aiken kuwa wa kwanza, wakaingiwa na shaka juu ya kiwiko chake, hawakuafikiana, na mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji wa kiwiko hichohicho. Lakini warushaji wa vyuo nao wana viwiko. Mark Appel wa Stanford, aliyekuwa wa kwanza mwaka 2013, alitazamwa kuwa chaguo salama kabisa. Alifika Ligi Kuu mwaka 2022.

Umri nao ni silaha inayotumiwa vibaya. Ni kweli kwamba mvulana anayemaliza sekondari akiwa na miaka 17 na nusu anastahili kupimwa tofauti na mwenzake wa miaka 19 anayewapiga wadogo zake. Kanuni hiyo naitumia. Hata hivyo mwaka 2009 Angels walikuwa na nafasi ya 24 na ya 25, na wakachukua wavulana wawili wa sekondari, wachezaji wa nje wote, waliozaliwa Agosti 1991 kwa kupishana siku sita. Wa kwanza alikuwa Randal Grichuk, ambaye amecheza Ligi Kuu miaka mingi kwa heshima. Wa pili alikuwa Mike Trout, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa kizazi chake. Klabu iliyompata Trout ndiyo hiyohiyo iliyomtanguliza mwingine, na umri haukuwaambia lolote.

Vitabu vya kazi yetu hueleza upigaji kana kwamba unaonekana kwa jicho. Mimi baada ya miaka yote hii naona mikono, naona mizani ya mwili, naona kama mpira wa kupinda unamshtua. Sioni kama atajifunza. Kwa mchezaji wa chuo naweza kuuliza alivyobadilika kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Kwa mvulana wa sekondari nina miezi mitatu, na pengine mara nane tu za kumwona akisimama kupiga.

Masika haya nimemfuatilia mmoja wa aina hiyo. Katika safu ya upigaji wa baadaye niliandika 50, nikafuta nikaandika 45, na kabla ya kuituma ripoti nikarudisha 50, kwa sababu mpira wa kupinda uliomfanya apige hewa mara mbili mwezi Machi, chini kabisa ya eneo la straiki, yaani eneo ambalo mpira huhesabiwa umerushwa sawasawa, mwezi Mei aliutazama ukipita bila kuinua gongo.